Mchoraji Anayeshukiwa Kuliandikia Ziwa Nyumba za Watu

Saa moja asubuhi Urbain Lwaboshi anafumba jicho la kushoto, ananyoosha mkono, anasimamisha burashi wima mbele ya uso wake na kutulia hivyo hivyo. Dirisha la nyumba ya kwanza linafungwa. La nyumba ya pili linafungwa pia. Mama mmoja aliyekuwa anaosha sahani nje anazikusanya zikiwa bado na povu na kuingia nazo ndani.

Urbain haoni ajabu. "Wanafikiri napima," anasema bila kushusha burashi. "Hapa Kalemie, mutu mwenye kufumba jicho moja ni mupimaji wa parsele, viwanja vya watu. Hakuna kazi ingine ya jicho moja."

Hii ni avenyu ya mwisho katika mtaa mmoja wa kando ya ziwa, mjini Kalemie. Zamani haikuwa ya mwisho. Mbele yake kulikuwa na avenyu nyingine, na sasa huko ni maji tu, maana miaka hii Ziwa Tanganyika limepanda na halionyeshi dalili ya kurudi. Ngazi za saruji za baa moja bado zinaonekana zikishuka kuingia ziwani, na akina mama wanafulia juu yake.

Nyumba anayoitazama Urbain ni ya Mama Clémence, mjane ambaye ukoo wake umeishi kando ya ziwa hili tangu babu za babu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, imepakwa kijani, na ukuta wa jiko lake umekaribiana na maji kiasi kwamba mtu akimwaga maji ya vyombo yanaenda moja kwa moja ziwani. Mvua ziko karibu. Kila mtu kwenye avenyu anajua kwamba ziwa likipanda tena kidogo, jiko litaondoka na nyumba itafuata. Binti yake, Christelle, anayeishi juu mlimani na mume wake, amembembeleza ahame hadi sauti imemkauka. Mama Clémence anajibu jibu moja tu: ziwa linamjua, na yeye analala usingizi mzuri.

Urbain anataka kuichora nyumba hiyo kabla haijaanguka. Mama Clémence amemkataza mbele ya watu. Na leo alasiri shefu wa avenyu, Papa Basile, amemwita mchoraji aje ajieleze. Wakimkataa, atafungasha yeye na mke wake, na nyumba ya kijani hataiona tena kwa karibu.

Shauri lote hili lilizaliwa na neno moja.

Urbain alikulia pwani ya kaskazini ya ziwa, upande wa Baraka. Katika nyumba ya mama yake, kuandika na kuchora kulikuwa kitu kimoja. Mtoto akichora kuku ukutani kwa mkaa, mama alipiga kelele kwamba ameandika kuku ukutani. Basi siku ya kwanza alipokuja na ubao wake mbele ya nyumba ya kijani, na Mama Clémence akatoka kumuuliza anafanya nini, yeye alivua kofia kwa adabu zote na kujibu: "Niko naandika nyumba yako, Mama."

Lo! Angemwambia anaichoma moto, huenda wangeelewana.

Maana kwenye avenyu hii, mtu anayekuja kuandika nyumba ni mtu wa biro, yaani wa ofisi ya serikali. Miezi iliyopita walipita watu wenye vesti za kazi, wakaandika nyumba zote zilizokaribia maji. Baadaye misalaba myekundu ikaonekana kwenye kuta, na maana yake ilikuwa: toka. Utoke uende wapi, msalaba haukusema.

"Walituandika, halafu wakatuwekea musalaba," anasema Hubert, anayeuza unite, yaani vocha za simu, kwenye kona na ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, ndiye aliyewaamsha majirani. "Sasa huyu anatoka kaskazini, hatujui ukoo wake, anakuja na rangi nyekundu mukononi, na yeye anasema anaandika. Weye ungefikiri nini?"

Hubert ana ushahidi mwingine, na anautoa kwa sauti ya chini huku akiangalia nyuma yake. Urbain aliichora ile baa, na baa ikaingia majini. Aliichora nyumba ya Mama Evodie iliyokuwa jirani, nayo ikaingia majini. "Yeye anaandika, ziwa linasoma," anasema. "Mimi sisemi ni uchawi. Nasema tu, uangalie."

Ukimpelekea Urbain maneno hayo, anacheka kidogo halafu anakasirika. "Mimi nachora zile ziko karibu na maji, kwa sababu zile njo zinaenda! Ningechora ya mulimani, wangesema nini? Kwamba nimeandikia mawingu?"

Yeye naye si mtu wa kuamini ovyo. Alipoona mwandishi wa makala haya anafungua daftari, jambo la kwanza aliuliza ni: "Na weye, nani alikutuma? Uko wa biro gani?" Akataka kuona kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, akakikataa, kisha akakikubali.

Chumba anachopanga kinanuka esansi, yaani petroli. Ukutani kumeegemezwa picha, nyingine juu ya mbao za masanduku, nyingine juu ya magunia ya unga aliyoyapaka uji wa muhogo ili yakaze. Rangi ni mabaki ya makopo ya wapaka maboti, anayoyalainisha kwa esansi, na udongo mwekundu anaouchimba mlimani na kuuchekecha kwa kitambaa. Mwanzoni alijaribu kuchanganya na mawese. Picha ile haikukauka hata siku moja, na siafu wakaja kuila.

Kinachompa chakula si picha hizi bali ni majina. Wenye maboti ya mbao humwita aandike ubavuni: Usiogope, Subiri Zamu Yako, Wanasema Nini. Mwezi mzuri anauza picha moja au mbili kwa wageni wa mashirika. Mwezi mbaya hauzi hata moja, na chungu kinachemka kwa ndagaa wa mke wake, Gracieuse, anayewauza sokoni.

Gracieuse naye alimshuku, tena kabla ya mtaa wote. "Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi ananuka esansi," anasimulia huku akimwangalia mume wake pembeni. "Nikasema, eh, huyu mwanaume anaiba esansi kwenye maboti, siku moja watamuleta hapa amevunjwa mikono. Nikamufuata. Nikamukuta ameketi kwenye jiwe anaangalia maji. Anaangalia tu, burashi iko mufukoni! Ile siku njo niliogopa kabisa."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na Urbain hana njia ya kuieleza ikaeleweka haraka. Anakwenda mahali pamoja asubuhi baada ya asubuhi na haweki hata doa. Anaangalia maji yanavyobadilika upepo wa kusini ukianza kuamka, anaangalia kivuli cha mlima kinavyojivuta kutoka ufukweni, anaangalia rangi ya matete yaliyo kwenye mdomo wa mto Lukuga kabla na baada ya jua. Anasubiri, kwa maneno yake, tumbo liseme kitu. Likisema, ndipo anachora, na anachora kile tumbo lilichosema hata kama macho yanakataa.

"Macho yanasema bluu," anaeleza. "Kila mutu anajua ziwa ni bluu, hata kalenda inajua. Lakini kama mimi niliketi pale nikasikia hofu, na nikapaka bluu nzuri, mimi ni muongo."

Hofu yake ina jina. Kabla ya kushika burashi, Urbain alikuwa mfanyabiashara wa ziwani pamoja na binamu yake Delphin, wakipeleka unga na chumvi vijiji vya pwani ya kusini. Siku moja Urbain alibaki Zongwe akiwa na homa, Delphin akatangulia na boti. Hakukuwa na upepo wala wingu. Ziwa lilikuwa limelala, mtu angeweza kujitazama ndani yake na kunyoa ndevu. Boti haikufika, na hakuna kilichookotwa, hata gunia.

Watu walitafuta mtu wa kulaumu. Wakamshuku mwenye boti, wakamshuku mshindani wa biashara, wengine wakamshuku Urbain mwenyewe na homa yake. Yeye alishuku utulivu ule. "Watu wanaogopa ziwa likikasirika," anasema. "Mimi likinyamaza hivi, siliamini hata kidogo. Nilikosa namna ya kulia, nikaanza kupaka." Anasema hivyo akiangalia sakafu.

Alasiri inafika. Uwanja wa Papa Basile umejaa, na mabenchi yameazimwa kanisani. Mama Clémence ameketi mbele kabisa, mikono ameikunja juu ya kitenge chake, Christelle yuko nyuma yake. Hubert amesimama, kwa kuwa aliyeketi haonekani vizuri. Urbain anaingia na kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka.

"Papa Urbain," anaanza shefu, "hawa watu wanasema unaandika nyumba zao. Sisi hatutaki kelele. Tunataka kujua kitu kimoja: unaandikia nani?"

"Siandiki, shefu. Nachora."

"Mbona ile siku ulisema unaandika!" anadakia Hubert. "Mama Clémence yuko hapa, alisikia na masikio yake."

"Nilisema. Kwetu ni neno moja."

"Aa, kwetu," anasema Hubert, akiwageukia watu. "Mumesikia? Kwao."

Urbain anajaribu kueleza mambo ya mama yake na kuku wa mkaa, na kadiri anavyoeleza ndivyo nyuso zinavyozidi kukunjana. Mtu anayejieleza sana kwa kawaida ana kitu anachoficha. Mwishowe anachoka, anaifungua shuka, anaisimamisha picha juu ya kiti. "Hii hapa. Muangalie wenyewe."

Ni nyumba ya kijani. Kwa kuwa alikatazwa kuikaribia, ameichora kutoka mbali na kutoka kichwani. Kuta hazijanyooka: nyumba nzima imeinama kwa nyuma, inarudi kinyumenyume mbele ya maji. Bati ni la zambarau. Mlima ulioko nyuma ni mwekundu. Na ziwa halikulala chini mahali pake, limesimama. Limesimama wima, refu kuliko paa, rangi yake kijani cheusi, halina hata wimbi moja, na ukingoni kuna mstari mwembamba wa njano. Katikati ya yote hayo kuna dirisha moja dogo jeupe.

Watu wanainua shingo kutazama. Kisha Hubert anapasuka kwa kicheko.

"Hii njo nyumba?"

Basi, kicheko kikaenea uwanja mzima. Mmoja anauliza tangu lini ziwa linasimama. Mwingine anahesabu milango na kusema mmoja umepotea. Mama mmoja anataka kujua nani amepaka bati la jirani yake zambarau bila kumwambia. Papa Basile hacheki, yeye ni mtu wa kazi. Anainuka, anaikaribia picha, anaichunguza pembe zote nne, kisha anaigeuza nyuma akitafuta namba au muhuri. Anakuta maandishi ya gunia yanayosema unga.

"Parsele iko wapi hapa?" anauliza. "Mipaka iko wapi?"

"Haiko, shefu."

Papa Basile anawageukia watu wake. "Mimi nimeona makaratasi ya biro maisha yangu yote. Hakuna biro inaweza kutumia kitu kama hiki. Huyu si mupimaji. Mupimaji gani hawezi hata kunyoosha ukuta? Mutoto wa shule angechora sawa kuliko yeye. Aachwe."

Watu wanapiga makofi. Mashitaka yamekufa hapo hapo, na Urbain amesimama kando ya kiti akiwa hajui aweke mikono wapi. Anafurahi kwamba hatafukuzwa, na anaona aibu inamchoma masikioni. Baadaye atasema: "Nilikuja nikashitakiwa kama mwizi, nikaachiliwa kama mujinga."

Lakini Mama Clémence hajacheka. Ameinuka. Anatembea hadi kwenye kiti, anaisogelea picha mpaka pua yake inakaribia rangi, na anakaa hapo muda mrefu. Anapogeuka, uso wake ni wa mtu aliyekuta mlango wake umefunguliwa.

"Nani alikuambia?"

"Alinambia nini, Mama?"

"Usinichezee! Nani alikuambia? Ni Christelle?"

Christelle anaapa kwamba hajawahi kuzungumza na mchoraji, anaapa kwa Mungu na kwa marehemu baba yake. Mama yake hamsikilizi. Anaonyesha kwa kidole maji yaliyosimama.

"Hii. Inakuwaka hivi," anasema, na sauti yake imeshuka hata walio nyuma wanasogea. "Hakuna upepo, hakuna kitu, nafungua dirisha, inakuwa imesimama. Inaniangalia. Sikumuambia mutu. Hata padri sikumuambia. Weye ulijua namna gani?"

Hakuna anayecheka tena. Mwaka mzima mama huyu amewaambia wote, tena kwa dharau kidogo, kwamba waoga wahame, yeye analala usingizi mzuri. Wengine kwenye avenyu walibaki kwa sababu yake. Sasa wanaangaliana.

"Mama," anasema Christelle, "kumbe unaogopa?"

"Naogopa sana, mutoto wangu." Anasema hivyo wazi, mbele ya uwanja mzima, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Naogopa sana. Lakini kaburi la baba yako lilienda na maji, mimi nimebaki na nyumba tu. Nikitoka, nani atajua ilikuwa pale?"

Urbain ndiye anayejibu, ingawa hakuulizwa. "Hakuna mutu aliniambia kitu, Mama. Mimi pia inaniangaliaka." Anamweleza habari za Delphin kwa maneno machache. Mama Clémence anamsikiliza huku macho ameyabana, kama anayesikiliza bei sokoni, na akimaliza hamwambii pole.

"Mutu anaona vitu kama hivi hafai kuachwa azunguke inje," anasema. "Kuja ndani, nikuone vizuri. Kesho. Utaketi kwenye dirisha langu na utachora kutoka mule ndani: jiko, kiti cha marehemu, maji, yote. Unachora mbele ya macho yangu. Ukimaliza, nitapanda kwa Christelle na picha yangu. Kabla ya kumaliza, musiniambie tena neno la kuhama. Shefu, umesikia."

Papa Basile anasema amesikia. Watu wanasema wamesikia. Hubert peke yake anauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, kama hiyo nayo itasimama wima, na wenzake wanamnyamazisha.

Jioni inakaribia Urbain anapochukua njia ya kurudi, picha begani. Mtu angetegemea furaha. Yeye anatembea, na kila baada ya hatua kadhaa anatikisa kichwa.

"Ananicheza huyu mama," anasema hatimaye. "Ameuliza watu, anajua mimi ni mutu wa polepole. Amenipa ahadi ndefu ili asitoke."

Christelle anamfuata mchoraji mbio mbio, kandambili mkononi. Anamshukuru, anamshukuru tena, halafu anauliza kilichomleta: "Papa Urbain, picha moja inakamata siku ngapi?"

"Ya kweli?" Urbain anafikiri. "Mkono wa kwanza wa rangi, unangojea ukauke. Unaangalia. Mkono wa pili. Unaangalia tena. Ile ya Mama, ndani ya nyumba, na vivuli vile..." Anasita. "Mpaka mvua zianze, zikatike."

Christelle anageuka kutazama magharibi, upande wa Niemba, ambako mawingu yameanza kujazana juu ya vilima, kisha anamwangalia tena usoni. Anaaga na kurudi alikotoka.

Urbain anaiteremsha picha na kuiegemeza mguuni. Kwa muda anaonekana mtu anayefanya hesabu isiyokubali. Asubuhi hii alikuwa anaomba nafasi ya kuiona nyumba ile kwa karibu, na sasa amepewa zaidi ya alichoomba: dirisha lenyewe, kiti, mwanga wa ndani ambao hakuna aliyewahi kuuchora. Mchoraji yeyote angetaka kukaa hapo mwaka mzima.

"Naenda kesho na mapema," anasema. "Nitapaka mkono mmoja tu. Kesho kutwa namaliza, namuwekea mukononi, anapanda mulimani."

Mkono mmoja tu? Itakuwa nzuri kweli? mwandishi anauliza.

"Itakuwa mbaya," anasema Urbain, na anainua picha kurudisha begani. "Watacheka tena, na safari hii watakuwa na haki. Ile nzuri nitaichora nyumba ikibaki. Hii ni ya kumutoa mule ndani."